Lifti Isiyomjua Bi Asumini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu, nikaikunja miguuni mpaka nikawa natembea kama bata. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia sikuleta chakula, nimekuja kutengeneza lifti. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alinisindikiza kwa ngazi mpaka juu ya paa, akiendelea kucheka kila tulipofika ghorofa nyingine.

Jina langu ni Somoe. Nilizaliwa Lindi, nikalelewa na shangazi yangu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikasomea umeme wakati wasichana wenzangu wakisomea upigaji chapa na uuguzi. Hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa, tulipokuwa tukiitana ndugu, mkubwa na mdogo, na mtu akipata kazi katika shirika la umma mtaa mzima unapata habari. Jengo nililopangiwa lilikuwa la ghorofa nane, ukingoni mwa Kariakoo upande wa Mnazi Mmoja. Silitaji jina, wala la shirika, maana waliofanya kazi mle wana wajukuu, na wajukuu wa siku hizi hukasirika upesi.

Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya paa, na nilikipenda tangu asubuhi ile. Kulikuwa na mota kubwa, gurudumu lililobeba kamba za chuma, na kabati la swichi zilizogonga taratibu kila lifti ilipoitwa. Ukifungua dirisha dogo, harufu ya Kariakoo ilipanda: dagaa, karafuu, vitunguu, mahindi ya kuchoma. Kelele za wachukuzi na mikokoteni zilifika juu zikiwa zimelegea, hata matusi yalisikika kama watu wanaimbiana. Mchana wa jua kali, kamba zikienda na kurudi mbele yangu, nilikuwa nikisahau kama niko macho au nimelala. Mpaka leo nikiota ndoto nzuri, mara nyingi naota nimo mle.

Mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu wa Kilwa, mnene, mpole, aliyetoka jasho hata mwezi wa Julai. Alitembea na leso mbili, moja ya uso na moja ya mikono, na zote mbili hazikukauka. Alinitazama kwa muda katika ile ovaroli yangu, akasema, "Ndugu Somoe, hapa umeme hatuuogopi. Tunauheshimu kama mama mkwe. Ukikosea adabu, hutaambiwa mara mbili." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya usalama kazini, na yalinitosha hadi nilipostaafu.

Ninyi mnaosoma haya mmezoea vioo vya simu vinavyotii kidole, kwa hiyo hamtaona ajabu. Lakini lifti ile ilikuwa na vitufe visivyobonyezwa. Kila kimoja kilikuwa kiduara cha chuma kinachong'aa, kimekaa kimya ukutani, hakiingii ndani wala hakitoki. Ukikigusa tu kwa kidole, nyuma yake inawaka taa ndogo ya gesi, rangi ya chungwa, na lifti inaanza safari. Siri yake si kubwa. Mwili wa mtu una maji na chumvi, na umeme kidogo mno, usioweza kumshtua hata sisimizi, unapita kwenye kidole na kuelekea ardhini. Ile taa inausikia huo mpito na kuwaka. Rula ya mbao haina njia hiyo, wala kalamu ya plastiki, wala mpini wa mwavuli. Nyuma ya kila kitufe palikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia usikivu wake. Ukiizungusha upande huu, kitufe kinakuwa chepesi, kinamsikia hata anayekigusa kwa ukucha. Ukiizungusha upande ule, kinakuwa kizito, kinataka kiganja kizima. Mpaka kati ya mtu na kitu ulikuwa juu ya skrubu ile, nasi tuliozungusha bisibisi hatukulifikiria sana jambo hilo.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza ndiyo yaliyoleta kazi. Mvua ilinyesha mpaka kuta zikatoa jasho, na unyevu ule ulitosha kuviamsha vitufe. Lifti ikaanza kuitwa na asiyekuwepo. Unasimama kwenye ukumbi wa ghorofa ya tano, hakuna mtu, taa ya chungwa inawaka polepole, milango inafunguka, inangoja, inafunga, halafu unaisikia ikishuka kwenda kuitikia mwito mwingine wa hewa tupu. Mimi niliona raha. Nilikuwa nikisimama kuitazama kama mtu anayetazama mtoto akiongea usingizini. Mhandisi Mkuu wa shirika hakuona raha hata kidogo. Vipuri vilikuwa havipatikani, fedha za kigeni zilikuwa adimu kuliko sukari, na kila safari ya bure ilikula kamba na breki. Akaagiza vitufe vyote vipunguzwe usikivu.

Karakana yetu ilikuwa na desturi yake. Vitufe vilipokuwa vikipimwa, mkono wa kupimia ulikuwa mmoja tu jengo zima, ili vyote vilingane, na mkono huo ulikuwa wa Mkuu wa Karakana. Yeye anagusa, mimi nazungusha skrubu mpaka taa inakaribia kumkataa, narudisha kidogo, tunahamia kingine. Tulipanda hivyo ghorofa hadi ghorofa, yeye akijifuta kwa leso kwa heshima ya chuma. Tulipomaliza, unyevu haukuita tena lifti. Mhandisi Mkuu akatupongeza, na tarishi mmoja wa ghorofa ya pili akaanza kuwatangazia wageni kwamba lifti yetu ina akili, inamjua mtu na kumtenga na kitu. Watu walitoka sokoni kuja kujaribu. Wanagusa kwa fimbo, kimya. Wanagusa kwa kidole, taa. Wanacheka, wanakwenda zao wamefurahi kuwa wamethibitishwa.

Baada ya masika yale ndipo alipoajiriwa Bi Asumini, kuwa mhudumu wa chai. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka pande za Newala, mwembamba, aliyepanga chumba Buguruni. Tangu utotoni alikuwa amebangua korosho. Anayejua kazi ile anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na mikono ya mbanguaji huungua, ikapona, ikaungua tena, mpaka ngozi inakuwa nene na kavu kama gome. Miguuni alivaa katambuga, zile ndara za tairi la gari, kwa sababu zilikuwa hazichakai. Alikuja na birika kubwa na sinia la vikombe, akasimama mbele ya lifti, akagusa kitufe. Hakikuwaka. Akagusa tena. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wakingoja, na tarishi wetu akiwa miongoni mwao. Tarishi akanyoosha mkono juu ya bega la mama yule, akagusa kwa ncha ya kidole, na taa ikawaka.

Siku ile walicheka. Lakini jambo lilijirudia kesho yake, na keshokutwa, kila ghorofa, kila kitufe. Penye wengi pana mengi. Kwanza walisema lifti haimjui. Kisha wakasema haimjui kwa kuwa si mtu. Mwishoni neno lenyewe likatajwa, msukule, yaani mtu aliyekufa na kuchukuliwa na wachawi, anayetembea kwa nguvu za mwingine. Makarani wakaanza kuziacha chai zao zipoe mezani. Mmoja alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, na baada yake wengi wakaja na zao. Bi Asumini alikuwa anapandisha birika likiwa limejaa na kulishusha likiwa limejaa, kwa ngazi, maana hakuitaka tena lifti. Niliwakasirikia sana watu wale, na hasira hiyo haijaisha yote hadi leo.

Meneja Utawala hakuwa mtu mbaya, ila alipenda utulivu kuliko haki. Alinieleza kwamba chai inamwagwa, watu wananung'unika, na mwisho wa mwezi itambidi amwachishe kazi yule mama. Miaka ile asiye na kazi mjini alikuwa akikamatwa na kurudishwa kijijini. Nikamwuliza kama anaamini maneno hayo. Akasema yeye haamini, lakini chai yenyewe alikuwa hajainywa siku nyingi.

Nilishuka jikoni kumwambia Bi Asumini asikate tamaa. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anavisugua vikombe ambavyo havikuwa vimetumika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nikuulize kitu cha kijinga?"

Nikakaa. Akatazama mlango kwanza.

"Ile lifti yenu, inaweza kumjua mtu aliyekufa?"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Ndipo akanisimulia. Alipokuwa msichana alishikwa na homa, akazimia kutwa nzima, na wazee wakasema amekwisha. Wakati wa joto hawakupenda kuchelewesha mazishi. Alilazwa kwenye kitanda cha kuoshea maiti, na maji ya kwanza yalipomgusa akafumbua macho. Wanawake wakakimbia. Mama yake peke yake ndiye aliyebaki, akamfunika khanga na kumkataza asiwasimulie watu. Alipoolewa alimwambia mumewe, na mumewe akamwacha. Tangu hapo hakumwambia mtu mwingine hadi mimi.

"Sikuogopa maneno ya makarani," akasema. "Nimeogopa kwa sababu nami huwaza hivyo hivyo. Labda nilirudi nusu. Nusu nyingine ilibaki kule, na mashine imeona."

 Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, najua saketi na kamba, sijui la kumwambia mtu asiye na hakika kama yu hai. Nilimshika mkono tu, na ulikuwa mkavu na wa moto kidogo kwa sababu ya maji ya kuoshea vikombe. Kisha nikapanda kwa Mkuu wa Karakana, nikamwambia habari ya kuachishwa kazi na habari ya kitufe. Ya kitanda cha kuoshea sikumwambia.

Asubuhi iliyofuata alisimama ukumbini ghorofa ya chini, watu wakiingia kazini, akaniagiza nimwite Bi Asumini na Meneja Utawala. Alikuwa ameazima tambara la kudekia na ndoo. Akalilowesha tambara, akaliegemeza ukutani, ncha moja kwenye sakafu iliyolowa, ncha nyingine juu ya kitufe, akaliachia na kurudi nyuma. Taa ya chungwa ikawaka. Milango ikafunguka kulikaribisha tambara.

"Haya," akawaambia makarani. "Nani atasema hili lina roho?"

Watu wakacheka, na Meneja akacheka. Bi Asumini hakucheka.

"Tambara lina maji, bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekauka."

Mkuu wa Karakana akaacha kutabasamu. Alifuta mikono yake kwa leso, akauomba mkono wa yule mama, akaugeuza, akapapasa kiganja kwa kidole gumba. Akainama kwa shida, maana tumbo lilimzuia, akatazama zile katambuga na unene wa mpira wake. Alipoinuka alikuwa ameelewa, na mimi niliyekuwa nikimtazama nikaelewa pamoja naye. Ngozi kavu hapa, mpira wa tairi pale, na katikati mwili mzima wenye damu, ambao umeme ulishindwa kuufikia.

"Ndugu Somoe," akaniambia, "fungua hiki kibao cha kitufe. Tumelipima jengo zima kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ni bomba linalovuja."

Nikafungua skrubu za kibao. Meneja Utawala akashauri kwamba ingekuwa rahisi zaidi yule mama avue viatu kila anapotaka kupanda. Mkuu wa Karakana alimkatalia.

"Viatu watu wanavua msikitini, Ndugu Meneja. Hatumvui mtu viatu kwa ajili ya lifti. Mama, weka kidole hapo, na usikiondoe."

Bi Asumini akaweka kidole. Nikaanza kuizungusha skrubu, polepole, kama tunavyofanya, robo ya mzunguko na kungoja.  Nje mchukuzi alikuwa akipiga kelele za njia, njia, na sauti yake ikapita na kuisha. Nilimwona Bi Asumini amefumba macho. Nilijua anachongoja si lifti. Nikaizungusha tena. Kwanza palitokea mwanga mdogo sana pembeni mwa kitufe, ukasita, kisha ukaenea na kulijaza duara lote. Milango ikafunguka. Sikuwaangalia watu wengine, nilimwangalia yeye. Alifumbua macho, akaitazama ile taa chini ya kidole chake kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona. Tukavirekebisha na vitufe vya ndani kwa kidole chake, kisha akaingia na birika lake, akapanda peke yake hadi ghorofa ya nane.

Mchana, tulipokwisha kumaliza ghorofa zote, Mhandisi Mkuu alikuja juu ya paa kuuliza kwa nini amri yake imetenguliwa. Masika yakirudi, alisema, unyevu utaita lifti tena. Mkuu wa Karakana alimjibu kwa adabu, akijifuta shingo. "Ije tu, Ndugu Mhandisi. Itafungua mlango, haitamkuta mtu, itafunga. Haijamdhuru yeyote." Mhandisi Mkuu alikuna kidevu, akatembea hadi dirishani, akalitazama soko. Kisha akasema basi viachwe hivyo, na tuwe tunakagua breki mara mbili zaidi. Nilimheshimu zaidi kuanzia siku ile, maana ni wachache wakubwa wanaoweza kubadili neno lao mbele ya fundi.

Desturi ya karakana ikabadilika pia. Mkono wa kupimia ukawa wa Bi Asumini. Kila tulipovirekebisha vitufe tulikwenda kumwomba jikoni, naye alikuja na katambuga zake, akagusa kimoja baada ya kingine, kwa uso wa mtu aliyepewa kazi ya serikali. Kitufe kikimkubali yeye, tulijua hakuna mtu wa jengo lile wala wa soko zima kitakayemkataa. Chai ilianza kunywewa tena, ingawa si kwa siku moja. Meneja Utawala alikuwa wa kwanza kunywa, amesimama ukumbini ili aonekane, na nilimsamehe kidogo. Masika yaliporudi, lifti ilianza tena kutembea peke yake, taa zikiwaka na kuzimika kwenye kumbi tupu. Bi Asumini aliipenda hivyo. Akiikuta imefunguka bila kuitwa, alikuwa akisema ahsante kwa hewa, anaingia na sinia lake, na anakwenda popote inapompeleka.

Niliwahi kumwuliza kama bado anawaza yale aliyoniambia jikoni. Akasema lifti sasa haina shaka naye, ila yeye mwenyewe bado ana shaka ndogo, hasa alfajiri. Akaniomba jambo moja tu. Siku yake itakapofika, kama nitakuwa hai na niko karibu, wasiharakishe.

Baadaye nilihamishwa. Nilikaa bandarini kwenye winchi, nikakaa kiwanda cha nguo nikitengeneza mota zilizojaa vumbi la pamba, nikarudi mjini nikiwa mimi ndiye Mkuu wa Karakana, na vijana wakinicheka ovaroli yangu kwa sababu nyingine. Vile vitufe vya kugusa vilikuwa vimekwisha kung'olewa, vikawekwa vya kubonyeza. Vya kubonyeza havichagui. Utavibonyeza kwa kidole, kwa fimbo, kwa kona ya sanduku, na lifti itakuja. Watu husema ni maendeleo, nami sibishi. Ila nimefundisha mafundi wengi, na kila mmoja nimemwambia kwamba kifaa chochote kinachopima watu kimepimwa kwanza kwa mwili wa mtu fulani, kwa hiyo aulize ni wa nani. Wengine walidhani ni maneno ya uzee. Labda ni kweli, maana nilikuwa nimekwisha kuzeeka.

Mwaka niliostaafu, alikuja kijana kutoka Buguruni kuniambia Bi Asumini amefariki alfajiri. Nilifika wakati mkeka umeshatandikwa uani, maji yako kwenye ndoo, kafuri imeshasagwa, na wanawake waoshaji wamekunja mikono ya magauni yao. Jua lilikuwa linapanda, na walitaka kuwahi. Nikaomba niingie kwanza. Nikakaa kando yake, nikaushika mkono ule mgumu, nikaweka vidole vyangu pale penye mshipa, na nikakaa. Wakanisemesha, nikawaambia subirini kidogo. Walisubiri, wakanung'unika, mmoja akasema mama huyu amechanganyikiwa kwa msiba.  Nilikaa mpaka kivuli cha ukuta kikaondoka mlangoni, nikisikiliza kwa vidole vyangu kama nilivyofundishwa kusikiliza mota, na mkono wake ulizidi kupoa mkononi mwangu. Kisha tukamtoa uani, nikaomba kata, nikachota maji ya kwanza mimi mwenyewe, nikammiminia polepole, nikiutazama uso wake.

Nilipokwisha kumimina nikamwaga machozi yangu yote niliyokuwa nayo, nikawapa nafasi, nikawaambia haya, sasa mwosheni.